Unga wa lishe wa Kirumba, wa yule mama anayekataa kuchanganya nafaka kumi na mbili: maoni yangu

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma huku mnanyonyesha na mkono mmoja tu ndo uko huru. Unga ni mzuri, mtoto anakula, bei inavumilika, ila utaratibu wa kuununua utakuchosha, na kama wewe ni mtu wa kupenda kitu kiko kwenye pakiti inang'aa yenye picha ya mtoto mnene anacheka basi hapa hautapapenda. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata na nitasema kwa nini huko chini, wala sio kosa la unga wenyewe.

Pale ni mashine ya kusaga ya kawaida tu, Kirumba hapa Mwanza, upande wa kushukia Mwaloni, kwenye soko la samaki na dagaa. Ukitokea mjini panda gari za Airport au Igombe, mwambie konda akushushe Kirumba afu uliza mashine ya unga wa watoto, bodaboda wote wanaijua. Jina la biashara hana, kibao kimeandikwa kwa mkono TUNASAGA UNGA WA LISHE basi, na mwenyewe ni mama mtu mzima, Msukuma haswa, ukifika kabla hujasema unataka nini kuna mwangaluka kwanza na habari za nyumbani na mtoto kalalaje, kwa hiyo kama umeacha daladala inakusubiri pole yako.

Sasa kilichonifanya niandike. Siku niliyoenda mara ya kwanza nilimkuta dada mmoja mbele yangu anataka unga wa nafaka kumi na mbili, ule mnaoujua wote, mahindi mchele ngano ulezi uwele mtama soya karanga mbegu za maboga sijui na nini na nini, ameandika kwenye karatasi kabisa, na hela anayo mkononi. Mama akamsoma ile karatasi yote afu akamrudishia. Akamwambia, "Mayu, hebu tuhesabu. Mahindi wanga. Mchele wanga. Ngano wanga. Uwele wanga. Mtama wanga. Umemlipia mtoto wanga mara tano, na bado tumbo lake ni lile lile." Dada wa watu akabaki anacheka tu. Mi mwenzenu nilipenda, maana ni mara chache umkute mfanyabiashara anakupunguzia oda.

Na ndo maneno hayo hayo tunaambiwa kliniki ila yanapita sikio hili yanatokea lile kwa sababu tumeshaaminishwa kwamba wingi wa majina ndo lishe. Ukweli ni kwamba nafaka zote zinafanya kazi karibu ile ile, zinampa mtoto nguvu, moja au mbili zinatosha. Kinachokosekana kwenye uji wa watoto wetu huwa sio nafaka ya saba, ni protini, mafuta, na madini, hasa madini chuma. Mtoto anazaliwa na akiba yake ya chuma aliyoibeba tumboni kwa mama, ikifika miezi sita hivi ile akiba inaanza kuisha, na maziwa ya mama pamoja na uzuri wake wote hayana chuma ya kutosha kuziba hilo pengo. Sasa wewe unamjazia nafaka kumi na mbili ambazo hasa zikiwa na maganda yake zina vitu vinavyoshika hiyo chuma kidogo iliyopo isiingie mwilini vizuri, umefanya nini hapo.

Afu kuna la aleji. Mtoto amekula uji wenye vitu kumi na mbili, jioni ametoka vipele au anaharisha, utajua ni nini kimemdhuru? Ndo maana wanasema kitu kipya kimoja kimoja, mpe siku kadhaa, muangalie, ndo uongeze kingine.

Kwa hiyo anachouza mama ni hivi. Kuna unga wa msingi, wa ulezi na mchele, au wa ulezi na mahindi ukitaka wa bei ya chini kidogo. Huo ndo anausaga kwa wingi. Vingine vyote viko pembeni kwenye makopo yake na unapimiwa kidogo kidogo: unga wa dagaa, karanga, soya, unga wa viazi lishe vilivyokaushwa, na kimea. Anakuuliza mtoto ana miezi mingapi kabla hajakupimia. Ukimwambia mitatu hakuuzii. Kweli kabisa hakuuzii, nimemuona kwa macho yangu anamwambia bibi mmoja arudi nyumbani akamwambie mkwewe anyonyeshe tu mpaka miezi sita itimie, na yule bibi akakasirika akasema sisi tumelea kumi kwa uji na wote wako hai. Mi nikatazama pembeni maana mama mkwe wangu wa Sengerema ana wimbo huo huo, na mimi ni mkwe siwezi kubishana naye, namwitikia tu "sawa mama" afu nanyonyesha.

Sasa tuje kwenye dagaa maana hapo ndo penyewe.

Sisi watu wa ziwani tuna bahati ambayo tunaichezea. Dagaa wa Victoria anavuliwa usiku kwa taa, akifika nchi kavu anaanikwa juani, kwa kawaida hawekwi chumvi. Na mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kuongezewa chumvi kwenye chakula, figo zake bado changa. Halafu dagaa unamla mzima mzima na mifupa yake, ndo unapata kalsiamu hapo, pamoja na protini, chuma na zinki, kwa bei ambayo nyama haitakaa ifike. Wanakuja watu mpaka kutoka Kongo pale Mwaloni kubeba dagaa kwa magunia, sisi tulio hatua chache kutoka hapo tunaenda kununua uji wa kopo kutoka ng'ambo kwa bei ya kilo kadhaa za dagaa. Aisee.

Ila dagaa wana shida mbili na hapa ndo utamjua muuzaji. Ya kwanza mchanga. Wale walioanikwa chini ufukweni hata uwaoshe vipi ukitafuna utasikia krrr kwenye meno, sasa mtoto hana meno hawezi kukwambia, yeye atatema tu na utasema mtoto hapendi dagaa. Wanaoanikwa kwenye chanja juu juu ndo wasafi na bei yao iko juu. Huyu mama anachukua wa chanja. Nilimuuliza nitajuaje, akaniambia saga kidogo weka kwenye glasi ya maji, koroga, acha itulie, angalia kitako cha glasi. Nilifanya nyumbani, kitako kilikuwa safi. Nikafanya na unga wa dagaa niliokuwa nao niliununua kwenye duka moja mjini (silitaji), jamani, ungejenga kibaraza.

Shida ya pili ni unyevu. Msimu wa mvua dagaa hawakauki vizuri, wanapoteza ule mng'ao wa fedha wanakuwa wekundu wekundu wa kahawia, wanatoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Wauzaji wengi hapo ndo wanawasaga sasa, maana ukishasaga nani atajua. Mama yeye kipindi hicho anakwambia tu wazi dagaa leo sina, njoo wiki ijayo, au chukua karanga. Na mwezi ukiwa mkubwa pia anaweza kukosa au bei ikapanda kidogo, hiyo sio ujanja wake, mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa na wavuvi wanapumzika. Mtu wa Mwanza hili analijua, naandika kwa ajili ya wageni wetu mliohamia juzi.

Anavyowaandaa: anawachambua, anatoa vichwa, anawaosha kwa maji ya moto, wanakauka tena, anawakaanga kavu kwenye moto mdogo mpaka wanavunjika mkononi, ndo anasaga na kuchekecha. Unga wake ni laini na harufu yake ni ya dagaa ndio, siwadanganyi, sio waridi, ila sio ile harufu inayokupiga usoni. Mi natia kijiko kimoja cha chai kwenye uji wa kikombe, dakika chache kabla haujaiva. Siku za kwanza mtoto alikunja uso, baadae akazoea, sasa hivi uji usiokuwa na dagaa anauangalia kwa dharau.

Karanga nazo hazichanganyi na unga wa msingi, na sababu yake ni mbili. Karanga ina mafuta, ikishasagwa inachacha upesi, kwa hiyo unga wenye karanga ukikaa mwezi kabatini unakuwa mchungu na unaharibu na vingine vyote. Ya pili ni sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Hii wengi tunaisikia redioni tunabadilisha stesheni ila 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo kitu, na karanga ndo ziko mstari wa mbele kuipata zikihifadhiwa na unyevu. Haitoki kwa kuosha, haitoki kwa kukaanga, haitoki kwa kupika. Dawa ni kuchambua, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka, zenye ukungu zote nje. Pale utamkuta binti yake amekaa na ungo anachambua moja moja, na zile mbovu hawapi hata kuku. Kuna sehemu nyingine ukiangalia karanga wanazosagia unga wa watoto utagundua ni zile chenga zilizokataliwa na wauza karanga za kutafuna. Ni za bei rahisi ndo maana.

Soya anaikaanga vizuri mpaka inanukia. Kama unanunua kwingine uliza hilo, soya mbichi ikisagwa hivyo hivyo ina vitu vinavyozuia protini kusagika tumboni na mtoto anaweza kuharisha. Mi mwenyewe soya sichukui sana, nikiwa na dagaa naona inatosha.

Viazi lishe sitaongea sana, ni vile vya rangi ya machungwa ndani, vina vitamini A, unga wake unafanya uji unakuwa mtamu wenyewe bila sukari na rangi nzuri. Ukipata vibichi sokoni chemsha uponde, ni bora zaidi na rahisi zaidi. Michembe yetu ya kawaida ile nyeupe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, haina hiyo rangi kwa hiyo usidhani ni kitu kimoja. Na msiache kupeleka watoto kwenye matone ya vitamini A, yanatolewa kuanzia miezi sita na yanarudiwa kila baada ya miezi sita mpaka karibu atimize miaka mitano, mwezi wa sita na wa kumi na mbili kunakuwaga na zoezi kabisa.

Kitu ambacho sikukitegemea kukipenda ni kimea. Ni ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa, ukasagwa. Bibi zetu walikijua kwenye pombe, ila kwenye uji wa mtoto kinafanya kazi nyingine kabisa. Tatizo letu kubwa sisi wamama ni uji mwepesi, tunapika maji ya rangi ya uji ili mtoto ameze haraka, tumbo lake dogo linajaa maji afu nusu saa analia njaa tunasema mtoto huyu anasumbua. Uji unatakiwa ukiinua kijiko ubaki kwenye kijiko, usidondoke kama chai. Sasa ukiupika mzito hivyo mtoto mdogo anashindwa kuumeza. Hapo ndo unachukua kimea kidogo tu, nusu kijiko cha chai, uji umeshatoka motoni umepoa kidogo lakini bado una moto, unatia unakoroga, na mbele ya macho yako ule uji mzito unalegea unakuwa laini bila kuongeza tone la maji. Mara ya kwanza nilimwita baba mtoto jikoni aje aone, akasema mbona umeuharibu. Nguvu yote bado imo ila sasa unamezeka. Ukishalegea urudishe motoni uchemke tena kidogo, kwa usafi, maana nafaka iliyoota inaweza kubeba wadudu. Msitie kimea uji ukiwa unatokota, hakitafanya kazi, moto mkali unakiua.

Kimea chake ni kizuri, kinalegeza haraka. Kimewahi kuja kikiwa kimelala kidogo, kikawa kinafanya kazi kwa kusuasua, nikamwambia akanibadilishia bila maneno.

Kuhusu kupika, unga wa msingi unataka muda. Sio wa kumimina maji ya moto ukakoroga ukalisha. Loweka na maji ya baridi kwanza usipate mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga, punguza moto, uache uive dakika kumi na tano mpaka ishirini. Mwishoni natia kijiko cha mafuta ya alizeti au maziwa, maana uji bila mafuta hauna nguvu ya kutosha. Sukari hapana. Asali ndo kabisa usithubutu kabla ya mwaka mmoja, najua kuna bibi atakwambia inalainisha koo, ila kwa mtoto mchanga inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti. Na baada ya uji mpe tunda, papai, embe, au chungwa la Ukerewe likiwa msimu wake, vitamini C inasaidia ile chuma iingie mwilini.

Kiasi gani? Hili swali linaulizwa sana pale dirishani mpaka mama amechoka. Akianza miezi sita ni vijiko viwili vitatu tu vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku, unaongeza taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi tisa nusu kikombe hicho mara tatu mpaka nne na kitu kidogo katikati. Akifika mwaka robo tatu mpaka kikombe kizima. Na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi, uji hauji kulifukuza ziwa. Tumieni kikombe na kijiko, chupa za kunyonyea uji zile wanazokata tundu la chuchu likawa kubwa ziacheni, hazioshiki vizuri.

Nimeshatumia na vingine kwa hiyo nalinganisha kidogo. Ule wa kopo wa nje ni rahisi kupika, ukisafiri kwenda Ukerewe na meli unakuokoa kweli, umeongezwa chuma na vitamini kiwandani na hilo ni jambo zuri, ila aina nyingi zina sukari, soma nyuma ya kopo, na kwa bei yake huwezi kumlisha kila siku kama mshahara wako ni kama wangu. Unga wa nafaka nyingi wa kupima kwenye meza za barabarani nilishanunua mara moja nikakuta wadudu, siwezi kusema wote wako hivyo. Wa pakiti wa wajasiriamali wetu wa hapa hapa Mwanza kuna wazuri, angalia alama ya TBS (shirika la viwango) na tarehe ya kutengenezwa, na usinunue wenye karanga ambao umekaa rafuni umepigwa na jua la dirishani.

Bei niliyolipa mi: wa msingi wa ulezi na mchele elfu nne na mia tano kilo, wa mahindi elfu tatu na mia tano. Unga wa dagaa robo kilo elfu nne, na robo unakaa nayo muda mrefu sana kwa vile unatumia kijiko. Kimea kifuko kidogo buku. Sasa ukijumlisha utaona sio rahisi kuliko wa nafaka kumi na mbili kwa kilo, watu wengi wanaishia hapo wanaondoka. Ila kwenye ule mwingine hujui dagaa au soya imewekwa kiasi gani, wanaweza kupitisha mkono tu juu ya gunia wakasema imo.

Haya, ile nyota niliyokata. Kwanza hakuna lebo. Unapewa unga kwenye mfuko umefungwa fundo, hakuna tarehe, hakuna umesagwa lini, inabidi umuamini. Mi namuamini kwa sababu nasimama pale naona unasagwa, ila ukimtuma bodaboda huna uhakika. Nilimwambia aandike hata kwa kalamu, akaniitikia vizuri sana na mpaka leo hajaandika. Pili mashine ni hiyo hiyo inayosaga dona la watu, kwa hiyo ukiwahi baada ya mtu wa mahindi utapata na mahindi yake, anaisukuma kwanza na kilo moja ya mchele kusafisha, lakini sio kila siku, uwe na mdomo umkumbushe. Kwa mtoto mwenye aleji hili ni kubwa sio dogo. Tatu umeme. Ukikatika ndo basi, unakaa kwenye benchi unapiga stori na wauza dagaa. Nne hana lipa namba, ni keshi, na chenji ni ya kusubiri.

Oda za kuletewa nyumbani sizishauri. Mi nipo Buzuruga, nililetewa unga jioni kabisa wakati niliahidiwa asubuhi, na boda alikuwa ameubeba pamoja na sangara mbichi. Hapo hata sikumlaumu mama, ila unga ule tulipika uji wa wakubwa.

Wajawazito pia wanaenda pale, wifi yangu ni mmoja wao, damu yake kliniki ilisoma chini ya 11, yaani imepungua, na wakamwambia ale dagaa, mboga za majani, maharage, na vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, asiache. Anachukua ule wa ulezi na dagaa anapika uji wa jioni kama mlo wa nyongeza. Mama alimuuliza FEFO anameza na nini, akasema na chai. Akaambiwa aache, chai na kahawa zinazuia chuma, ameze na maji au juisi ya machungwa na chai aisogeze mbali kama saa moja mbili hivi. Mimi nilishamwambia hilo wiki nyingi hakunisikia, kaambiwa na mama wa unga kasikia.

Kichekesho ni kwamba mlangoni tu pale kuna meza inauza pemba, ule udongo wa kutafuna, na wateja wake wakubwa ni hao hao wajawazito wanaotoka kununua unga wa kuongeza damu. Unaingia unanunua chuma, unatoka unanunua udongo unaozuia chuma isifanye kazi, na una hatari ya mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi. Wifi yangu naye ana kipande kwenye pochi. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya damu kupungua yenyewe kwa hiyo mtu akikwambia anatamani, usimcheke, mpeleke apime. Nimemuomba mama aongee na jirani yake asogeze ile meza, akasema kila mtu na riziki yake, na hapo sikuwa na la kuongeza.

Uzito wa mtoto kwenye kadi unapanda vizuri, ila sitasema ni unga maana bado ananyonya na anakula na sato wa baba yake, mifupa tunatoa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba anamaliza bakuli, choo kiko sawa, na sijaona mchanga wala mdudu tangu nianze.

Ukienda: nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, beba kopo lako lenye mfuniko ili usipewe mfuko, simama usagiwe ukiona, chukua msingi kilo moja moja na dagaa na karanga kidogo kidogo usirundike. Jumamosi usijisumbue, mama ni Msabato, panafungwa kuanzia Ijumaa jioni. Jumapili anafungua, ila foleni ya Jumapili ni ya kwenda na mtu wa kukubebea mtoto.